Pombe ya Miwa

Katika maombi ya kumuaga baba mkwe wangu, Mzee Zablon, nyumbani kwa shemeji yangu kule Ngoingwa, mhubiri kijana alisema kwamba marehemu alimaliza safari yake hapa duniani bila kuijua ladha ya pombe. Watu waliojaa sebuleni wakasema amina. Mke wangu Rasoa, aliyekuwa ameketi kando yangu na kitambaa cha kufutia machozi mkononi, akanikanyaga mguu. Nimeishi naye muda wa kutosha kuzijua aina zote za kukanyagwa, na hiyo ilikuwa ya mtu aliyebanwa na kicheko, anayeogopa kwamba mwenzake ataanza kwanza. Niliinamisha kichwa nikatazama zulia. Mimi si mtu wa kucheka msibani. Lakini tangu siku hiyo nimeona kwamba ule mwaka wa kitalu unafaa kuandikwa kwa utaratibu wake, maana tuliokuwepo tunapungua, na wahubiri wanazidi kuwa vijana.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari. Sitaeleza kwetu wala wazazi wangu. Inatosha kusema kwamba nilishuka kutoka kwenye treni ya magharibi na kupata kazi haraka katika shamba la kahawa kati ya Ruiru na Thika, kwa sababu wenyeji wengi walikuwa wamezuiwa kutembea, nasi tuliotoka mbali tukapewa majembe yao. Mwenye shamba tulimwita Bwana Labda. Ukimwuliza kama mvua itanyesha, labda. Ukimwuliza kama mshahara utatoka, labda. Chini kabisa ya shamba lake, kando ya mto, kulikuwa na udongo mweusi uliotuamisha maji, ambao kahawa iliukataa kila ilipopandwa, na mwaka huo Bwana Labda aliamua kwamba labda miwa itaukubali. Akatafuta mtu wa kusimamia kitalu. Mimi nilikuwa nimeonekana mara kadhaa nikisoma karatasi zilizofungiwa sukari, basi nikateuliwa.

Muwa haupandwi kwa mbegu. Hukatwa vipande, kila kipande kikiwa na macho yake mawili matatu kwenye vifundo, kisha vipande hivyo hulazwa kwenye matuta ya kitalu mpaka macho yafumbuke na kutoa machipukizi. Vyetu vilitoka upande wa Kisumu kwa treni, vimeshindiliwa katika magunia, na vilifika stesheni ya Ruiru vimechoka kuliko abiria. Kundi la kwanza liliozea ardhini karibu lote. Bwana Labda alikuja akafukua kipande kimoja kwa ncha ya bakora yake, akakigeuza, akasema kwamba kundi la pili lisipolijaza shamba la mtoni ifikapo mvua, kitalu kitafungwa nami nitarudi kuchuma kahawa. Hilo hakulitilia labda.

Kurudi kwenye kahawa kungevumilika, kama si nyumba. Kazi ya kitalu ilikuja na nyumba ya mabati yenye vyumba viwili, na wachumaji walilala sita katika chumba kimoja. Mzee Zablon, aliyekuwa akipokea mizigo katika bohari ya stesheni ya Ruiru, alikuwa amesema waziwazi kwamba hatamwoza binti yake kwa mtu anayelala kama dagaa kwenye karatasi. Nilikuwa nimemwona Rasoa siku ya kwanza ya magunia, amemletea baba yake chakula cha mchana. Alitazama gunia moja lililopasuka, akaniuliza kama hizo ni kuni. Nikamweleza habari za macho ya muwa. Nilieleza kwa kirefu. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa amenisikiliza kwa sababu hajawahi kuona mtu akizionea kuni huruma kiasi kile.

Kwa hiyo nilianza kwenda kwao Jumapili baada ya ibada. Walikaa katika nyumba za reli, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la shuka, upande wa mbele viti vinne vilivyovishwa vitambaa vyeupe, meza, na picha ya Edeni ambamo mti wa katikati ulikuwa umefunikwa na kalenda. Chakula kilikuwa kilekile na kilikuwa kizuri: ugali wa wimbi, mrenda unaovutika, na dagaa waliokaangwa mpaka wakalia mdomoni. Uji haukulala katika nyumba hiyo. Ukibaki jioni ulimwagwa, kwa sababu Mzee alisema kwamba uji ukilala unaamka na tabia nyingine. Muwa nao haukuingia mlangoni. "Muwa ni mama wa pombe," aliniambia siku moja, akinitazama mimi niliyeishi kwa kulea miwa, "na mtoto hafanani na jirani." Yeye ndiye aliyekuwa mzee wa kanisa anayeshughulikia walevi, na ilisemekana kwamba angeweza kumtambua mtu aliyekunywa juzi kwa jinsi anavyofunga kamba za viatu.

Jumapili moja walidhani nimetoka, nami nilikuwa bado mlangoni nikitafuta kiatu. Nikamsikia mama yake Rasoa nyuma ya pazia. "Kijana ni mzuri. Anasoma sana."

"Kusoma si kazi."

"Ana kazi."

"Ana kazi mpaka mvua inyeshe."

"Na hanywi."

"Watu wote hawanywi," akasema Mzee Zablon, "mpaka uende kwao."

Nilirudi kitaluni nikitembea polepole. Nilikuwa na kijitabu cha Kiingereza cha ukulima ambacho Bwana Labda alikitupa kwa kuwa kilikuwa kimeliwa na mchwa upande mmoja, na kamusi iliyoanzia herufi ya D. Kwa vyombo hivyo viwili nilikuwa nimeelewa kwamba wakulima wa ng'ambo huloweka mwani wa baharini mpaka uchache, wakauchanganya na maji mengi, wakanyunyizia miche michanga, nayo ikaota mizizi kwa bidii. Siku hizi vitu hivyo vinauzwa Thika katika chupa zenye picha ya jani, na maofisa wa kilimo huviita vichocheo. Wakati huo vilikuwa habari za nusu ukurasa, nusu nyingine ikiwa tumboni mwa mchwa. Bahari sikuwa nimeiona. Nikafikiri kwa mpangilio: mwani ni jani la majini, bwawa letu lina majani ya majini, basi tuanze na hayo. Nikaongeza thabai, yale majani yanayowasha ambayo mwenyeji yeyote wa huku huyaheshimu, mavi mabichi ya ng'ombe, majivu, na molasi kidogo, yale masalia mazito ya sukari ya miwa waliyolishwa ng'ombe wa Bwana. Nikatia vyote katika pipa, nikajaza maji, nikafunika kwa gunia.

Msaidizi wangu alikuwa Wairimu, tuliyemwita Mama Kamau, mama wa makamo aliyetoka kila asubuhi katika kijiji cha Gatongora, ambako watu walikuwa wamekusanywa nyuma ya handaki, na aliyetakiwa kurudi kabla ya saa ya kufungwa. Alikuwa na kila sababu ya kutokuwa mchangamfu, naye alikuwa mchangamfu. Pipa lilipoanza kutoa povu alisimama mbali akaziba pua kwa shuka.

"Yafeti, wewe mtu wa treni. Hii ni chakula ama ni kifo?"

Nikamweleza kwamba si chakula. Mbolea ndiyo chakula. Hii huufanya mche uwe na hamu ya kula, uamke, upeleke mizizi kutafuta.

Akafikiri. "Kumbe ni pombe. Mzee wangu akikunywa kidogo, anakura sufuria mzima."

"Si pombe, Mama Kamau."

"Ya miwa," akasema, kama mtu anayekubali nusu ya hoja. "Pombe ya miwa."

Jina likashika, na sikulipinga tena kwa sababu lilieleza jambo vizuri kuliko kijitabu. Kosa langu lilikuwa kutolitazama lile neno dogo la katikati. Chakula cha ng'ombe huliwa na ng'ombe, lakini chai ya maziwa hainywewi na maziwa. Pombe ya miwa aliyoisema Wairimu ilikuwa ile inayonywewa na miwa. Pombe ya miwa ambayo kila mtu mwingine kutoka Ruiru hadi Gatuanyaga aliijua ilikuwa ile inayotengenezwa kwa miwa, ambayo kuipika bila kibali kulikuwa hatia serikalini, na kuinywa, kwa kibali au bila, kulikuwa hatia kwa Mzee Zablon.

Nilitaka kujua kama pipa linafaa kweli, kwa hiyo nilipanga matuta mawili mawili: moja lipewe dawa iliyozimuliwa, jirani yake lipewe maji matupu, yote ya udongo mmoja na jua moja. Nikampa Wairimu debe la kunyunyizia, nikamwonyesha, nikaweka vijiti vyenye kitambaa chekundu kwenye matuta ya dawa. Baada ya wiki kadhaa macho yalifumbuka kote. Machipukizi yalitoka manene, ya kijani kilichoiva, na nilipofukua kipande kilikuwa na ndevu za mizizi kama za mzee. Tatizo ni kwamba matuta yenye vitambaa na yasiyo na vitambaa yalifanana kabisa. Nilizunguka huko na huko nikiinama. Wairimu alinitazama akaona nina huzuni ambayo mtu mwenye miche mizuri hapaswi kuwa nayo.

"Ni nini?"

"Haya hayakupewa dawa, lakini ni sawa na yale."

"Yalipewa."

"Nani aliyapa?"

"Ni mimi. Kila siku." Aliweka debe chini. "Yafeti, umepanda watoto wa mama mmoja, wamerara kitanda moja. Hawa unawapa, hawa unawanyima, na wanaangaliana. Hiyo ni tabia gani?"

Nilijaribu kumweleza maana ya kulinganisha. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba huko kijijini kwao wamelinganishwa vya kutosha.

Bwana Labda alipokuja, niliamua kusema ukweli wote. Aliuliza ni matuta yapi yaliyopewa dawa. Nikasema yote. Akauliza nitajuaje basi kama ni dawa iliyofanya kazi. Nikasema sitajua. Alitembea kitalu kizima akigusa machipukizi kwa bakora, akarudi, akavua kofia. "Nyumba ni yako," akasema. Nilingoja neno lile lingine. Halikuja.

Siku hiyohiyo nilimwomba Bwana pipa zima la molasi, nikapewa ahadi kwamba litakuja kwa treni, nikaanza kufikiria wazee gani wa kwetu nitawatuma kwa Mzee Zablon. Niliosha koti. Lakini Jumapili iliyofuata, nilipofika nyumba za reli, mlango ulikuwa umefungwa na Rasoa alikuwa amesimama nje, karibu na bomba, akijifanya anasuuza sufuria iliyokuwa safi.

"Mulembe," nikamsalimia.

"Usiingie. Baba amesema usikanyage hapa."

"Nimefanya nini?"

Alinitazama, na nikaona kwamba hata yeye hakuwa na uhakika. Kisha akanieleza alichokisikia kwa masikio yake mwenyewe, akiwa boharini na kikapu cha chakula. Wairimu alikuwa amepita stesheni kuulizia lile pipa la molasi, na Mzee Zablon akamwuliza ni la nini.

"Ni ya pombe ya miwa," Wairimu akasema. "Ya Yafeti. Ndiye anapika."

Mzee alikuwa ameweka kalamu chini. "Yafeti anapika pombe?"

"Yeye mwenyewe. Ako na pipa nyuma ya nyumba. Nzuri sana, mzee, lakini harufu yake iko juu."

"Na ni nani wanaokunywa?"

"Watoto."

"Watoto?"

"Ware wachanga ndio wanapenda zaidi. Asubuhi na jioni. Wengine walikuwa karibu kufa, wakapewa hiyo, sasa wamesimama wima wote. Hata Bwana alikuja kuwaona akafurahi."

Rasoa alisema baba yake hakula chakula cha mchana. Nilimweleza ni watoto gani. Sufuria ikamwagika maji, akainama akashika tumbo, na nilidhani analia. Aliponyanyuka alisema kwamba yeye ameelewa, lakini baba hatamsikiliza yeye wala mimi. Alikwishapeleka neno kwa mwinjilisti, na baada ya ibada ijayo wangekuja kitaluni kuona kwa macho. Kama ni kweli, nitatengwa na kanisa, na jina la Rasoa na langu hayatatajwa tena pamoja ndani ya nyumba ile. Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Wazo la kulimwaga pipa lilinijia, lakini pipa lililomwagwa lingekuwa ushahidi mbaya kuliko pipa lililojaa.

Walikuja wamevaa makoti ya ibada, Mzee Zablon mbele, nyuma yake Mwinjilisti Nathani, mtu mwembamba mpole ambaye alizaliwa katika misheni na hakuwahi kutoka humo kwa sababu yoyote mbaya. Rasoa aliwafuata kwa mbali na mama yake. Wairimu hakuwa kazini, lakini alikuwa amepata ruhusa ya kwenda kanisani kwao, akapitia kwangu. Aliposikia kwamba tatizo limetokana na maneno yake aliketi juu ya debe akasema hatoki.

Niliondoa gunia. Pipa likapumua. Mwinjilisti alirudi nyuma hatua kadhaa akaanza kutafuta leso. Juu ya maji kulikuwa na povu nene la rangi ya chai, likipasuka taratibu, na sauti yake, nikiri, ilikuwa ya pombe.

"Inachemka bila moto," Mwinjilisti akasema.

"Inachacha," nikasema. "Ni majani na mavi ya ng'ombe. Ni ya kunyunyizia miche."

"Na molasi," akasema Mzee Zablon. Hakuwa ameziba pua. Alikuwa amesimama karibu na pipa kuliko sisi sote.

"Na molasi kidogo."

"Basi tutajuaje?" akauliza Mwinjilisti, akizungumza ndani ya leso. "Kila kitu kinachochacha kina povu."

Nikasema nitaionja mbele yao. Mwinjilisti akasema mshtakiwa hawezi kuwa hakimu. Wairimu akasimama, akasema yeye ataionja, hata bakuli nzima, na akifa wamwambie Kamau. Mwinjilisti akasema shahidi pia hapana. Tukamtazama yeye. Alieleza kwa aibu kwamba angependa kusaidia, lakini kwa kuwa hajawahi kuonja pombe ulimi wake hautajua unatafuta nini. Hoja hiyo ilikuwa sahihi kabisa. Tulisimama pale, sote watu wazima, pipa likipumua katikati yetu, na nilimwona Rasoa akigeuza uso kuelekea mtoni.

"Lete bakuli," akasema Mzee Zablon.

Nilimletea. Alilisukuma povu kando kwa ukingo wa bakuli, kwa mzunguko mmoja mwepesi wa mkono, akachota chini yake. Alinusa kwanza. Akainamisha bakuli kwenye mwanga, akatazama jinsi maji yanavyoshika ukingo. Kisha akaonja kidogo sana, akayaviringisha kinywani huku na huku amefumba macho, akageuka akatema nyuma ya pipa.

"Hii si pombe," akasema. "Pombe ya miwa inaanza tamu mbele ya ulimi, halafu uchungu unakuja pole pole nyuma, hapa. Ikiwa imeiva sawasawa povu lake linakuwa dogo, linatulia kama mtoto. Na ukitia tunda la muratina la kuchachushia unasikia joto kifuani kabla hujameza. Hii haina mbele wala nyuma. Hii ni mavi."

Aliyasema hayo kwa utulivu wa mtu anayesoma ratiba ya treni. Mwinjilisti aliondoa leso usoni. Mama yake Rasoa aliangalia viatu vyake. Wairimu alivuta shuka mpaka ikamfunika mdomo, na mabega yake yakaanza kwenda juu na chini.

"Mzee Zablon," Mwinjilisti akasema kwa upole, bila ubaya wowote, kwa kuwa alitaka kweli kujua, "umejuaje?"

Mzee Zablon alishika bakuli kwa mikono miwili. Nilimtazama na nikaona, nyuma ya koti na kola, mtu aliyetoka mbali sana kufika kwenye koti hilo, na ambaye alikuwa ameomba bakuli akijua vizuri kwamba hakuna mwingine wa kuliomba. Mimi si mwepesi wa uongo. Nilitafuta sentensi moja ya kweli, nikaipata.

"Mwinjilisti," nikasema, "mizigo yote ya Ruiru hupitia mikononi mwake. Na mapipa huvuja."

Mwinjilisti alilipima jambo hilo. "Ni kweli," akasema hatimaye. "Mapipa huvuja." Akatuombea, kwa sala fupi kuliko kawaida yake kwa sababu ya harufu, na tulipofumbua macho Wairimu alikuwa amekwenda kucheka nyuma ya ghala.

Mzee Zablon alibaki nyuma ya wengine. Alilirudisha bakuli, akaitazama nyumba yangu, mabati yake, dirisha lake.

"Ina vyumba viwili?"

"Viwili, mzee."

"Jumamosi niko nyumbani," akasema. "Waambie wazee wako waje kabla ya treni ya saa nane, maana baada ya hapo nina mizigo."

Miche ililijaza shamba la mtoni mvua iliponyesha, na Rasoa aliingia nyumba ya mabati na sufuria zake. Mzee hakuzungumza tena habari za siku hiyo, wala mimi. Alikuja kwetu miaka yote, akala, akakagua viatu vya wageni, akahakikisha uji haujalala. Hata nilipomtembelea mara ya mwisho, akiwa amelazwa Thika, tuliongea habari za reli na za wajukuu mpaka kengele ya wageni ikalia. Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita.

"Yafeti. Lile pipa lako."

"Ndiyo, mzee."

"Uliliharibu kwa gunia. Gunia linaingiza baridi. Funika kwa majani ya mgomba, mabichi, yafunge kwa kamba." Alifumba macho. "Itaiva siku tatu mapema."

Nilimweleza Rasoa hayo usiku wa kurudi kutoka Ngoingwa, na hapo ndipo alipopata kucheka na kulia kwa pamoja kama alivyotaka tangu mchana. Bado nina kitalu kidogo nyuma ya nyumba. Wiki iliyofuata nilitayarisha mapipa mawili yenye vitu vilevile kwa kipimo kilekile, nikayaweka upande mmoja wa ukuta. Moja nililifunika kwa gunia, la pili kwa majani mabichi ya mgomba, nikayafunga kwa kamba. La majani ndilo lililoiva kwanza.